Steringi Akifa

Mkoani Mara mtoto huijua kanuni ya kibanda cha video kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka, lakini hafi. Na akifa, basi hakuwa steringi. Wewe ndiye uliyemshangilia mtu asiyehusika. Nimekulia Tarime na kanuni hiyo, tumebanana watoto kwenye mabenchi ya mbao mbele ya runinga iliyofunikwa kitambaa kuzuia vumbi. Tuliweza kuvumilia kipigo cha steringi kwa sababu mwisho wake tulikuwa nao mfukoni.

Mtu aliyelelewa hivyo akikutana na sizoni ya sita ya tamthilia ya Lost, amekutana na swali la dini, apende asipende.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mkatoliki, nimeolewa Mugumu, wilayani Serengeti, katika nyumba ya Wasabato. Lost ilitufikia kama sizoni zote za miaka ile: CD kutoka Kariakoo kupitia Mwanza na Musoma, nyingine zikivuka Sirari kutoka Kenya, jalada limefifia, diski moja imeshindiliwa sehemu nyingi mpaka sura za watu zinakatika miraba miraba. Kanda za kina Lufufu, wale watafsiri wa filamu, tulizozizoea zilikuwa na sauti ya Kiswahili juu yake. Hizi zilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu, tena ya ovyo. Kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi, na niliyemtafsiria hasa ni bibi yake mume wangu, aliyeketi kwenye mkeka mbele kabisa ya runinga. Baba mkwe hakuingia sebuleni. Kwa mila yetu Wakurya mzee hakai na mke wa mwanawe chumba kimoja wakiangalia watu wanakumbatiana. Aliketi nje, chini ya dirisha, na hoja zake zilituingilia kwa mdomo wa shemeji, aliyekuwa dereva wa Haisi ya Mugumu na Tarime. Wifi yangu, muuguzi, ndiye aliyetupangia ratiba. Ijumaa jua likianza kuzama alizima deki, hata kama mtu ananing'inia kwenye mwamba, na haikuwashwa tena mpaka Jumamosi jua litue.

Asiyeijua hadithi yenyewe aipate kwa ufupi. Ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles mwezi Septemba 2004, inaanguka kwenye kisiwa kisicho kwenye ramani. Walionusurika wanakuta humo mambo wasiyoyaelewa: moshi mweusi unaoua, minong'ono msituni, namba zinazojirudia, wanawake wanaokufa wakishika mimba. Marekani ilianza kuonyeshwa 2004 na ikamalizika tarehe 23 Mei 2010, na kwa muda wote huo watazamaji duniani walikuwa wanadai kitu kimoja, maelezo. Sisi tuliipata sizoni ya mwisho miezi kadhaa baadaye, na tulidai hicho hicho.

Badala ya maelezo wakatuletea misiba. Kilichotuvunja zaidi ni kifo cha Jin na Sun, wale mke na mume Wakorea. Wamo ndani ya nyambizi, bomu limelipuka, maji yanapanda. Chuma kimemgandamiza Sun ukutani. Mwenzao Sayid, Mwislamu wa Iraki, ametangulia kufa kwa kulikimbiza bomu mbali nao. Jin anavuta vyuma mpaka anajua havitoki, anawaambia wengine waende, yeye anabaki. Mkewe anamsihi atoke, hatoki. Kamera inatuonyesha baadaye mikono yao majini, imeshikana, halafu taratibu inaachiana. Hawa wawili walikuwa wametafutana sizoni nzima na nusu. Na nyumbani kwao Korea kuna mtoto wa kike, Ji Yeon, anayelelewa na bibi yake, ambaye baba hajawahi kumshika mkononi.

Nilipomaliza kumtafsiria, Bibi aliuliza, "Huyo mtoto amepewa jina la nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi muulize anayejua," kisha akanyamaza, na usiku ule hakutaka kuangalia zaidi.

Mwisho wenyewe ukaja. Jack, daktari, steringi asiye na ubishi, ana jeraha la kisu ubavuni. Anatembea mpaka kwenye mianzi alikoamkia siku ya ajali, analala chali, mbwa anakuja kulala ubavuni mwake, jicho linafumba. Sambamba na hayo tunaonyeshwa kanisa ambamo watu wa kisiwani wanakutana, wote wakiwa wafu sasa, wakisubiriana ili waende pamoja kwenye mwanga. Dirisha la kioo la kanisa hilo lina msalaba, mwezi na nyota, nyota ya Kiyahudi, na alama za dini za Asia.

Ubishi ulianza kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupanda. Shemeji alikasirika kweli. "Kumbe walikuwa wamekufa tangu ajali! Wametuchezea miaka yote!" Si yeye peke yake aliyesoma hivyo, hata Marekani walisoma hivyo wengi, na kituo cha ABC kiliwazidishia kosa kwa kuweka picha za mabaki ya ndege ufukweni mwishoni kabisa. Lakini hadithi yenyewe inasema kinyume. Baba yake Jack anamwambia waziwazi kwamba yote yaliyompata ni ya kweli, kwamba kila mtu hufa siku yake, wengine kabla yake na wengine muda mrefu baada yake. Nililirudisha eneo hilo mara kadhaa mpaka shemeji akakubali maneno, ingawa hasira ilibaki.

Wifi naye alikuwa na neno zito zaidi. Kwa imani yake wafu wamelala, hawajui lolote, kama Mhubiri anavyofundisha katika sura ya 9, na hawataamka mpaka parapanda ilie. Hakuna chumba cha kusubiriana. Kwake kanisa lile lilikuwa uongo uliopambwa, na uongo wa hatari, maana mtu aliyefiwa akishaamini kwamba marehemu wake yuko mahali anamsubiri, ataanza kumtafuta kwa waganga. Mimi nilimwona Jack kanisani na moyo ukaniambia toharani: roho inayohitaji kuachilia mambo kabla haijaweza kuuona mwanga. Baba mkwe, asiyebatizwa, alituma neno kutoka dirishani kwamba wafu hawaendi mbali hivyo, wako hapa hapa bomani, na wanarudi kwa majina tunayowapa wajukuu. Nyumba moja, runinga moja, na hukumu tatu juu ya wafu, kila moja ikiwa na mtu aliye tayari kuifia. Sijawahi kufundisha somo la dini darasani likafikia uzito wa usiku ule.

Kisha zikaja hoja za mambo yasiyojibiwa. Shemeji aliyaandika nyuma ya kalenda. Nani aliwafyatulia risasi wale waliokuwa kwenye mtumbwi katika sizoni ya tano? Yule mtoto Walt alikuwa na uwezo gani, na mbona alisahaulika? Yule mtu mwenye nguo nyeusi, mbona hapewi jina mpaka mwisho? Na Eko, Mnigeria, ndugu yake padri, mtu aliyechonga maandiko kwenye fimbo yake, kwa nini kanisani hayumo? Hilo la mwisho liliniuma. Mwigizaji wake aliondoka mapema, sizoni ya tatu, lakini mtazamaji wa Mugumu anayemwona Mwafrika mcha Mungu kuliko wote akikosekana kanisani siku ya mwisho ana haki ya kuuliza. Wifi alikuwa na lake la kazi. Alitaka kujua kwa nini wajawazito wa kisiwani walikufa, ilhali mtoto mmoja, Ethan, alizaliwa humo 1977, na mama yake akapona. Wodini alikuwa ameona wanawake wakimfia mikononi. Kwenye faili anaandika kilichowaua, kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba. Aliwaza kwamba labda hadithi, kwa kuwa ina mwandishi, ingeweza kumwambia kile ambacho faili haliwezi.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Ninaamini kiu hii ya maelezo tunaikosea jina. Tunadhani tukipewa sababu ya kifo tutatulia. Biblia ina kitabu kizima kinachopinga wazo hilo, na tunakisoma kinyume.

Ayubu ana watoto kumi, wavulana saba na wasichana watatu. Upepo unaiangusha nyumba walimokuwa wakila, wanakufa wote siku moja. Ayubu analilia sababu sura baada ya sura na haambiwi. Mungu anapomjibu kutoka katika tufani anamjibu kwa maswali: ulikuwa wapi dunia ikiwekewa misingi, nani anaifungulia mvua njia. Wahubiri wetu huishia hapo na kusema, basi, tusiulize. Wanaruka jambo kubwa. Msomaji anaijua sababu. Tumeambiwa tangu sura ya kwanza: palikuwa na mashindano mbinguni, Shetani akadai kwamba Ayubu anamcha Mungu kwa ajili ya mali, akaruhusiwa kumjaribu. Tunayo sababu mkononi, kamili, kutoka mbinguni kwenyewe. Je, imemfariji nani? Mweleze mama aliyefiwa na watoto kumi kwamba walikufa ili hoja fulani ithibitishwe, uone kama atanyanyua uso. Mwisho Ayubu anapewa tena saba na watatu, na wale wa kwanza hawarudi. Ninafikiri mwandishi wa kitabu hicho alitupa sababu makusudi ili tuione ilivyo ndogo mbele ya kaburi.

Na rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanapokuja wanafanya jambo jema moja. Wanaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, hawasemi neno. Ubaya unaanza wanapofungua mdomo kueleza. Mwishoni Mungu anawakasirikia waelezaji, hamkasirikii muulizaji.

Kaka yangu alifia Nyamongo, kwenye duara la wachimbaji wadogo. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, udongo umelowa, matimba machache, ukuta ukashuka. Hayo yalieleza jinsi alivyokufa. Hayakueleza kwa nini yeye, na si mwenzake aliyekuwa ametoka nje kuvuta sigara. Wazee wa ukoo wetu hawakuweza kukaa na swali hilo. Wakaenda kwa mganga, na mganga hana sizoni inayoisha bila majibu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, lina jina na uso: shangazi yangu, mjane, aliyekaa peke yake mwisho wa boma, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kusuka mikeka. Usiku alipita Sirari kwenda kwa ndugu wa upande wa Kenya, na hakurudi tena, hata kuzikwa. Ukoo ukatulia. Walipata maelezo yao.

Tangu hapo ninamwogopa mtu mwenye maelezo ya kila kifo kuliko ninavyoiogopa hadithi inayomwacha mtazamaji na maswali.

Sisemi kwamba kila swali liachwe. Ningekuwa ninawasaliti watu wangu. Kuna kifo ambacho hakuna binadamu anayejua kwa nini kilimkuta huyu na si yule, na kuna kifo ambacho yuko anayejua na amekaa kimya. Tarime tumezika sana wa aina ya pili. Wanchari na Walenchoka waliuana kwa mishale na mapanga kwa ajili ya ng'ombe na ardhi, nyumba zikachomwa, mpaka Serikali ikazifanya Tarime na Rorya kuwa kanda maalumu ya polisi. Kila aliyekufa alikuwa na aliyemuua, na mara nyingi alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Tarehe 16 Mei 2011, mwaka mmoja karibu kamili baada ya Lost kwisha, polisi walifyatua risasi kwenye mgodi wa North Mara, huko huko Nyamongo, watu walipoingia kutafuta mawe ya dhahabu, na wasiopungua 5 wakafa. Baadhi ya familia za Nyamongo zilifungua kesi London mwaka 2013, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Fidia inaweza kusomesha mtoto, nami simlaumu aliyeipokea. Ila makubaliano ya namna hiyo hayamleti shahidi akasimama mbele ya mama na kusema nilikuwepo, hivi ndivyo ilivyokuwa. Swali la namna hii lazima liulizwe kwa sauti kubwa, tena na tena. Padri anayemwambia mama wa kijana aliyepigwa risasi kwamba ni mapenzi ya Mungu anamficha mtu fulani mlangoni pa Mungu.

Kwa hiyo ninapowasikia vijana wakidai nani alifyatua risasi kwenye ule mtumbwi, siwacheki. Yuko aliyefyatua, na waandishi walikuwa na uwezo wa kutuambia. Hapo shemeji ana haki. Lakini moshi, mwanga, kwa nini kisiwa kilimchagua huyu na kumwacha yule, hayo nashukuru yalibaki. Wangeyaeleza yote, wangekuwa kina Elifazi.

Wanafunzi wangu walinibana kwa upande mwingine kabisa. Prison Break ndiyo waliyoipenda kuliko zote, na Michael Scofield alipokufa 2009, kaburi likaonyeshwa, wakubwa wao waliomboleza kweli. Mwaka 2017 sizoni mpya ikatoka na Michael yu hai, kafungwa gerezani Yemen. Darasani kukawa na shangwe. "Mwalimu, si tulisema? Steringi hafi!" Nilikuwa nimeshika chaki, na kabla sijapata la kusema msichana mmoja wa nyuma akasema, bila kunyoosha mkono, "Steringi wa Injili alikufa."

Darasa lilinyamaza. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu ufufuko una maana. Michael alirudi kwa kuambiwa kwamba kile kifo hakikuwa kifo. Yesu hakurudi hivyo. Alikufa, alizikwa, na Kanisa linaiheshimu siku aliyokuwa kaburini: Jumamosi Kuu altare iko tupu, tabernakulo iko wazi, mchana kutwa hakuna misa. Imani inayoruka siku hiyo ni imani ya kibanda cha video. Wifi yangu, ambaye haadhimishi Jumamosi Kuu na hatakuja kuiadhimisha, alikubaliana nami hapa kuliko Wakatoliki wenzangu. Kwake Yesu alilala Sabato ile kama wafu wanavyolala, na kulala kwenyewe kulikuwa kwa kweli.

Lost ilimwacha Jack afe. Haikumpa sababu ya kutosha, ilimpa mbwa wa kulala ubavuni. Haikumwokoa Sun, ilimpa mtu wa kumshika mkono maji yakimfikia puani. Ninaposema niliridhika na mwisho ule ninamaanisha hilo: maswali ya kwa nini waandishi waliyapita pembeni, wakajibu swali la nani alikuwepo. Kaka yangu alipofukuliwa, wenzake walisema walimsikia akigonga jiwe kwa muda chini ya kifusi, na mmoja wao alikaa juu akigonga naye, akijibu, mpaka kugonga kwa chini kukakoma. Hakuna mganga aliyewahi kunipa kitu kinachokaribia hicho.

Sasa Jin. Shemeji hajamsamehe mpaka leo. Anasema mwanamume mwenye mtoto hana ruhusa ya kuchagua kufa na mkewe. Anatoka, analia akiwa hai, anamlea binti, ng'ombe za mahari zinakuja siku moja na kuna baba wa kuzipokea. Baba mkwe alimuunga mkono kutoka dirishani. Wifi anasema hakuna anayestahili kufa peke yake, na kwamba angependa kujua mume aliyetoka kwenye nyambizi ile angebaki mtu wa namna gani kwa mtoto wake. Nimekuwa upande wa wifi muda mrefu, kwa ajili ya yule aliyegonga jiwe. Lakini yule alikuwa juu. Kukaa kwake hakukumgharimu mtoto wa mtu.

Kanisani mwishoni yumo Aaron, mchanga, mikononi mwa mama yake Claire. Ji Yeon simwoni. Nilipolisema hilo wifi alinikatiza, na ni kweli, katika maisha yale mengine wanayoishi wafu kabla ya kukutana kanisani, Sun ni mjamzito, kwa hiyo mtoto yumo, tumboni. Nimelitafakari jibu hilo na bado silikubali. Aliye tumboni si yule aliyeachwa Korea, aliyekua, akajifunza kutembea, akauliza baba yuko wapi, akajibiwa na bibi. Yule anaweza kuwa aliishi miaka 80 baada yao, na kanisa lile linasema wote hukutana wakishakufa, awe aliyetangulia au aliyechelewa. Basi angekuwepo, mwanamke mzee, na wazazi wake vijana wangetakiwa kumtazama usoni na kumweleza ule uamuzi. Waandishi walijua kupanga viti vya kila mtu mle ndani. Kiti hicho walipaswa kukiweka, na mazungumzo hayo walipaswa kuyaandika, hata kama yangeharibu furaha ya wote waliokuwa wakikumbatiana.